Kable ya Chumba cha Damu

Jumatatu, 19 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, na mimi naanza kaye mupya juu nimechoka kumuelezea bwana yangu Patrice mambo ya kazi wakati anasahihisha makaye ya wanafunzi wake wa troisième. Ananiitikia "mm, mm", halafu ananiuliza kama kuko chumvi. Basi nitaandika. Kaye haiulizake chumvi.

Ninachunga ma-ordinateur, zile kompyuta za hospitali yetu. Kuko serveur moja, iko ndani ya kachumba kadogo karibu na mulango wa kuingilia, na yenyewe njo inabeba yote: fiche za wagonjwa, pharmacie, hata kengele ya frigo ya damu. Kila kitu inachofanya inaandika mustari: nani ameingia, saa ngapi, amegusa nini. Mwezi wa tano radi ilipiga, disque ikaungua, mistari yote ikaenda nayo. Siku ile kuko mutu alikuwa amechezea pharmacie. Papa Chrispin, administrateur wetu, akaniuliza: "Joviale, ni nani?" Nikabaki namuangalia tu. Aibu niliyosikia siku ile, sitaki kuisikia tena maisha yangu yote.

Saison hii ya mvua haitanipata. Nimeomba, nimesumbua, nimepewa: laptop moja ya zamani na kable ya série, ile yenye meno tisa ambayo watoto wa leo hawaijue. Laptop itakuwa inapokea kopi ya kila mustari, palepale unapoandikwa. Serveur ikiungua, mistari itabaki.

Jumatano, 21 Septemba

Wenzangu wanacheka. "Joviale, watu wako na fibre, wewe unafufua wafu!" Wacheke. Kable ya réseau, ile ya kuunganisha ma-ordinateur, ni barabara ya kwenda na kurudi. Mwizi akiingia kwa serveur, anafuata barabara ileile mpaka kwa ordinateur ya pili, anafuta na kule. Ndani ya kable ya série kuko singa moja, uzi wa kutuma, na ingine ya kurudisha. Ile ya kurudisha nimeikata na mukasi. Serveur inasema, laptop inasikiliza, basi. Na kila mustari nimeupatia muhuri, na muhuri huo unatokana na ule wa mustari wa mbele yake. Ukitoa mustari moja katikati, yote inayofuata inakataa. Hata mimi niliyeitengeneza siwezi kugusa kitu kisijulikane.

Patrice ameweka kalamu yake ya bic chini, amesikiliza mpaka mwisho, akasema: "Inasikia yote, haisahau, na hauwezi kuijibu. Muke wangu, umetengeneza mama mukwe."

Nimemupiga na kitambaa cha vyombo. Tumecheka mpaka sombe ikaungua jikoni.

Alhamisi, 22 Septemba

Mvua. Hakuna kitu.

Jumatatu, 26 Septemba

Matatizo. Laptop inapaswa kuwaka usiku na muchana, na chumba kimoja tu kiko na solaire, ule umeme wa jua ambao haukatikake: chumba cha damu. Na chumba cha damu ni cha Maman Godelive. Ako pale tangu miaka makumi mbili na tatu. Mabega mapana, lunettes za kusomea zimefungwa na kamba shingoni, na sauti ya mutu anayeongoza chorale ya kanisa. Hata médecin, daktari mwenyewe, anabisha mulango mbele ya kuingia.

Nimefika na kable yangu begani.

"Hii nyoka inatafuta nini kwangu?"

"Ni ya kutuma mistari ya serveur, maman. Kwa sécurité."

"Mistari ya nani?"

"Ya kila mutu. Nani amefanya nini."

Ameshusha lunettes. "Kwa hiyo unaniletea askari ndani ya chumba."

Nimemuambia ni amri ya Papa Chrispin. Ameniachia kona moja ya meza, nyuma ya kitunga chake. Sikuitwa kuketi.

Jumatatu, 3 Oktoba

Amefunika laptop na kitambaa cha maua, na juu ameweka bilauri ya maji. Maji! Nimevitoa.

Jumanne, 4 Oktoba

Amevirudisha.

Jumanne, 11 Oktoba

Mistari makumi mbili na tatu imefika imevunjika, herufi hazisomeki, mihuri imekataa. Wiki iliyopita vilevile. Nimefungua kable meno kwa meno, nimeangalia fasi mvua inaweza kuingia, hakuna. Basi nimewaka hasira. Nimemuambia Maman Godelive mbele ya infirmières wawili, wauguzi wa zamu, kwamba kama angeachaga vyombo vya watu vitulie, vingefanya kazi. Ye aliendelea kuandika namba juu ya masakoshi, ile mifuko ya damu, polepole.

Nyumbani Patrice ameniuliza: "Uliona akigusa?" Hapana, sikuona. "Eh, basi." Ile "basi" yake imenikalia kooni sawa mufupa ya samaki sambaza.

Alhamisi, 13 Oktoba

Leo Maman Godelive ameniita na kidole, kutoka mulangoni.

"Ile mashini yako inalia ti-ti-ti inapokosea, si vile?"

"Ndiyo, maman."

"Inalia huit heures, saa mbili ya asubui, na inalia quatorze heures, saa nane ya muchana. Kila siku. Huit heures na quatorze heures, ni saa ya nini hapa?"

Amenishika mukono, tumeenda koridoo, amenionyesha na kidevu. Nyuma ya ukuta ambapo kable yangu inapita kuko autoclave, ile sufuria kubwa ya kuchemshia vyombo vya opération. Wanaiwasha mara mbili kwa siku. Inavuta courant, umeme wa ajabu, na kable yangu imelala palepale ubavuni yake!

Nimehamisha kable upande ingine wa koridoo. Quatorze heures tumesimama sisi wawili tukiangalia laptop. Kimya. Mihuri yote imekubali.

"Pole kwa maneno ya juzi, maman."

"Maneno gani?" amesema. Halafu: "Nilisikia. Nilikuwa nahesabu masakoshi, ungeniharibia hesabu."

Amenipa kiti.

Jumatano, 19 Oktoba

Sasa nakula chakula cha midi kwa chumba cha damu. Leo bugali na sambaza alizokaanga mwenyewe. Mutu huyu anajua kukaanga.

Anaongea kama bomba iliyofunguliwa. Mama yake alipoteza kichwa, akasahau yote, mbele ya kufa. Alianza na vitu vidogo, kuacha moto, kuacha mulango, na kila mara alikuwa anakataa: si mimi. Mwisho alikuwa anamuita Godelive "dada". "Niliomba Mungu anipe malaria, anipe maumivu ya mugongo, anipe yote ingine," amesema, "ile hapana." Yeye mwenyewe ako na miaka makumi sita na moja. Kila asubui, akiamuka, anajitajia majina ya wajukuu wake wote tisa mbele ya kutia muguu chini.

Amenitajia. Tisa, bila kukosa.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mvua asubui, jua midi, mvua tena. Mistari 4,112. Hakuna hata moja iliyovunjika. Niko na furaha ya kijinga.

Alhamisi, 3 Novemba

Radi! Saa tisa ya muchana, pa! Hospitali yote ilishtuka. Disque ya serveur imekufa tena. Lakini safari hii nilicheka, wallahi nilicheka pekee yangu sawa mwenda wazimu, juu nilienda kwa laptop na mistari yote ilikuwa pale, mpaka ule wa mwisho mbele ya radi. Papa Chrispin amekuja kuangalia kwa macho yake. Amenipa mukono mbele ya watu wote. Maman Godelive amepiga vigelegele.

Tumeweka disque mupya na kurudisha programu yote, Bruno akiniongoza kwa simu. Bruno ni technicien wa Kinshasa aliyeuzia hospitali ile programu. Inauliza maswali mengi, luga gani, kibodi gani, muji gani, na tumejibu mbio mbele courant ikatike. Saa mbili ya usiku ilikuwa inatembea.

Jumanne, 8 Novemba

Siku tatu jua halionekane. Nyuma ya kazi nimebaki kujaribu kengele ya frigo, kuizima na kuiwasha, nione kama mistari inafika vizuri tangu disque mupya. Mustari wa kwanza umefika na muhuri wake. Hapo Patrice akapiga simu akipiga kelele: kule kwetu Kasha udongo umeshuka nyuma ya nyumba, matope yameingia jikoni. Nimekimbia. Tumetoa matope na ndoo mpaka usiku. Nyumba imesimama, watu wote wako wazima. Aksanti Mungu. Nalala.

Jumatano, 9 Novemba

Siku mbaya.

Usiku batteries za solaire ziliisha kwa kukosa jua, frigo ya damu ikazimika, na kengele ambayo ingemuamusha sentinelle, mulinzi wa usiku, haikulia. Asubui Maman Godelive amefungua, thermomètre iko quatorze, digri kumi na ine. Masakoshi kumi na moja, yote ya kutupa. Na maternité kulikuwa mama mumoja aliyezaa alfajiri, anavuja damu, anangojea damu ya groupe O. Wametuma moto, pikipiki, mbio kwa hospitali ingine. Dakika makumi ine na tano. Infirmière alikuwa anamushika mama yule uso na kumuambia, usilale, usilale. Damu imefika. Ameishi. Mutoto aliishi tangu mwanzo na alilia wakati wote ule.

Papa Chrispin ameniita. "Joviale, safari hii uko na mistari. Nani alizima kengele?"

Nimefungua serveur mbele yake. Iko wazi kabisa: jana, 16h52, kengele imezimwa, na compte, jina la kuingilia, ni ya chumba cha damu. Haikuwashwa tena. Maman Godelive alitoka 17h05, sentinelle aliandika kwa kaye yake ya mulangoni.

Nimeutoa mustari ule kwa papier, na imprimante. Nakubali hapa, kwa kaye yangu mwenyewe, kwamba nyuma ya hasira kulikuwa kidogo cha majivuno. Mwezi wa tano nilikuwa bubu. Leo nilikuwa na jibu.

Papa Chrispin akamuita Maman Godelive; akasoma papier, lunettes puani.

"Sikugusa kengele," amesema.

"Maman, mashini haidanganyake," mimi nikasema. Mimi.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekula midi pekee yangu. Mvua.

Ijumaa, 11 Novemba

Papa Chrispin amenionyesha barua ya Maman Godelive, na mwandiko wake ule wa kufundishwa na masista. "Kama mashini inasema ni mimi, basi ni mimi. Sikumbuke. Naomba munipumzishe kazi." Jumatatu wanakutana kuamua, na hakuna cha kuamua: itakuwa kumufukuza, na hakuna hospitali itamuachia damu tena.

Nimefikiri: "sikumbuke", njia rahisi ya kujitetea. Naandika hii ili nisije kusema kesho kwamba sikuifikiri.

Jumamosi, 12 Novemba

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Papa Chrispin alitaka kwa réunion ya Jumatatu ile kopi yenye mihuri, ili kusiwe mutu wa kupinga. Basi leo nimeenda kwa laptop. Chumba kilikuwa kimefungwa, nimefungua na funguo ya Papa Chrispin; kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya meza. Nimetafuta mustari.

Laptop inaandika saa mara mbili kwa kila mustari: saa serveur iliyosema, na saa laptop iliyoupokea. Serveur ilisema 16h52. Laptop ilipokea 17h52.

Heure nzima, saa moja kamili. Mustari unapita kwenye kable kwa muda mufupi kuliko kufumba jicho. Nilifikiri laptop njo imezeeka. Nikatoa simu, nikalinganisha: laptop ilikuwa sawasawa. Nikakimbia kwa serveur: dakika ilikuwa ileile, heure moja nyuma. Nikafungua pale pa muji. Imeandikwa: Kinshasa.

Kinshasa! Mutoto wa Bukavu wa miaka saba anajua kwamba redio ya Kinshasa ikisema midi, saa sita, kwetu ni treize heures, saa saba. Programu inauliza muji, kwa Kongo inakupa miwili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Siye tunatembea na saa ya Lubumbashi. Siku ya radi Bruno aliniuliza kwa simu, "Muji?" Nikamujibu mbio, "Kinshasa," juu Kongo ukiulizwa muji unasema Kinshasa, na juu nilikuwa nawaza courant. Mimi njo nilibonyeza.

Kwa hiyo kengele ilizimwa 17h52 ya hapa. Maman Godelive alikuwa amefika mbali. Na 17h52 ya Jumanne, ni nani alikuwa ameketi pa ile meza, na compte ya chumba cha damu imefunguliwa juu hakuna ingine inayogusa kengele? Ni nani aliyeizima ili aone mustari ukifika, akaona umefika, akapokea simu, akakimbia?

Jumatano ile nilipofungua serveur, nilitafuta mustari wake. Wangu sikuutafuta. Ningetafuta kidogo tu ningeona haupo fasi ingine, mustari ni huo mumoja tu.

Nitaandika na hili. Mistari siwezi kuibadilisha, nilijifungia mulango mwenyewe. Lakini laptop nzima inaweza kufa. Radi. Neno moja tu, "radi imepiga laptop", na Bukavu yote ingenisadiki, mwezi huu wa mvua. Papier ya serveur ingebaki, 16h52, na barua yake, na mimi na kazi yangu, na nyumba ambayo inatafuta ukuta mupya nyuma.

Nimemuelezea Patrice. Hakuuliza chumvi. Ameweka makaye kando, akanishika mikono yote miwili, akasema tu: "Jumatatu nitakusindikiza mpaka kwa mulango."

Jumapili, 13 Novemba

Misa. Maman Godelive hakuwa fasi yake kwa chorale.

Jumatatu, 14 Novemba

Patrice alinisindikiza mpaka kwa mulango.

Walikuwa Papa Chrispin, médecin-directeur, na Maman Godelive kwa kiti cha kando, kitunga juu ya magoti, amevaa kikwembe chake cha sikukuu. Nilisema mimi wa kwanza, mbele waanze, juu nilijua nikingoja nitaogopa.

"Si yeye. Ni mimi. Serveur inatembea na saa ya Kinshasa, niliiweka mimi. Kengele nilizima mimi, nikijaribu, na nikasahau kuiwasha. Hii hapa kopi yenye mihuri."

Papa Chrispin alisoma, akasoma tena. "Ulikuwa na hakika Jumatano."

"Nilikuwa na hakika, papa."

"Ulimuambia mbele yangu kwamba mashini haidanganyake."

"Mashini haikudanganya. Mimi nilidanganyika, na nikamubebesha yeye kosa."

Nililia, siwezi kuficha. Médecin-directeur alisema maneno makali, na alikuwa na haki ya kusema hata zaidi, juu ya mama yule wa maternité. Nimepewa lettre de blâme, barua ya onyo, na wiki mbili za kukaa nyumbani. Kazi sikupoteza. Papa Chrispin alisema mutu mwenye kuleta papier ya kujihukumu mwenyewe, atapata wapi mwingine.

Maman Godelive aliangalia papier, akagusa ile 17h52 na kidole, akasimama, akashika kitunga, akatoka mbio bila kuaga mutu. Hata mimi hakuniangalia. Nilimufuata mpaka kwa barrière ya inje. Alikuwa amekwisha kupanda moto.

Alhamisi, 17 Novemba

Nyumbani. Nimejenga ukuta wa nyuma pamoja na Patrice, mawe kwa mawe. Inafaa mutu mwenye blâme.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimemupigia simu Maman Godelive. Haipite.

Ijumaa, 25 Novemba

Haipite. Ananichukia, na ako na haki.

Jumatatu, 28 Novemba

Jua siku nzima! Nimeanika hata matelas za kitanda.

Jumatano, 30 Novemba

Nimerudi kazini. Kitu cha kwanza, nimeweka serveur ku saa ya Lubumbashi. Halafu nimesimama mbele ya chumba cha damu. Nimebisha.

"Ingia, wewe unayezima makengele!"

Alikuwa pale, lunettes puani, frigo imejaa. Nimeanza kuomba radhi, nimeitayarisha wiki mbili, iko na vipande vitatu. Amenikatiza na mukono.

"Nyamaza kwanza. Unajua siku ile nilikimbilia wapi?"

"Hapana, maman. Nilifikiri ulinikasirikia."

"Kasirani ilikuja nyuma, usiogope, ilikuja. Nilipanda moto mpaka Nyantende, kwa binti yangu Françoise. Jumapili nilikuwa nimewaita watoto wangu wote pale. Niliwaambia, imeanza. Nimezima kengele na sikumbuke, sawa bibi yenu. Françoise alikuwa amekwisha kunitolea chumba, ameweka na kitanda. Walikuwa wameanza kupanga nani atanichunga zamu gani." Ametoa lunettes, amezipangusa na kikwembe, zilikuwa safi. "Siku tano, Joviale. Siku tano niliamuka asubui nikataja majina ya wajukuu, na hata nilipoyapata yote tisa sikusadiki."

Vile vipande vitatu vyote vilipotea.

"Kazi, walikuwa wanaweza kubaki nayo," amesema. "Nilikimbia kuwaambia watoto kwamba kichwa yangu iko muzima."

"Iko muzima, maman."

"Najua iko muzima! Sasa vuta kiti. Unionyeshe kusoma ile mistari, moja kwa moja, na saa zake zote mbili. Siku ingine mutu akiniletea papier, nitaangalia mwenyewe mbele ya kumusadiki."

Nimevuta kiti. Tumeanza na ya Jumanne, 8 Novemba, 17h52, juu yeye njo aliichagua. Ameisoma kwa sauti, polepole, mpaka kwa muhuri. Halafu ameisoma mara ya pili.